Kijana mwenye shaka ya moyo na michezo: namna ya kupata jibu kabla ya kuingia uwanjani

Kila mwaka mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na za sekondari (UMISSETA) yanapokaribia, na shule za Dodoma zinapoanza kuchuja timu, maswali huwa yale yale. Kijana anauliza kama anaruhusiwa kucheza mpira ilhali mwaka jana alizimia wakati wa mchakamchaka. Mama anauliza kama binti yake, aliyeambiwa utotoni kwamba ana tundu kwenye moyo, aondolewe kwenye netiboli. Mwalimu wa michezo anauliza afanye nini na mwanafunzi anayelalamika kila siku kwamba moyo unamwenda mbio. Mwongozo huu ni wa watu wote watatu, lakini unazungumza zaidi na wewe kijana, kwa sababu ni wewe peke yako unayejua mwili wako unavyojisikia dakika ya themanini, jua likiwa bado linawaka.

Nianze na ninaloliamini kuliko mengine yote: usicheze kimya kimya, na usiache michezo kimya kimya. Anayecheza huku akificha dalili anahatarisha maisha yake. Anayeacha kwa hofu, bila kupimwa, huenda akajinyima bure afya, marafiki na nafasi ya kusonga mbele, kwani vijana wengi wenye shaka ya moyo hupimwa na kuruhusiwa kucheza. Mwaka 1996, baada ya kuiongoza Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki, mwanasoka Nwankwo Kanu alipimwa na madaktari wa klabu ya Inter Milan, wakagundua kasoro kwenye valvu, yaani mlango wa kupitishia damu, ya moyo wake. Alifanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani, na mwaka 2010 alikuwa bado yumo kwenye kikosi cha Nigeria katika Kombe la Dunia, Afrika Kusini. Marc-Vivien Foé wa Kamerun, mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani jijini Lyon tarehe 26 Juni 2003 akafariki, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kuliko kawaida.

Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka kwenye kitu kimoja cha kushika mkononi, nacho ni barua ya daktari inayosema unaweza kucheza nini, kwa kiwango gani, na hadi lini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Saa au simu inayoonyesha sekunde.
- Kadi yako ya kliniki ya utotoni kama bado ipo, pamoja na karatasi zozote za hospitali za zamani.
- Kadi ya bima ya afya kama unayo. Uliza mapema ni vipimo gani bima yako inalipia, ili usifike dirishani ukakwama.
- Mtu mzima mmoja wa kwenda nawe: mzazi, mjomba, shangazi au mwalimu wa malezi. Usiende peke yako hata kama una miaka 18, kwa sababu daktari atauliza mambo ya ukoo ambayo huenda huyajui.

Hatua ya 1: Amua kama unapaswa kusimama leo hii

Acha mazoezi makali mara moja, wala usisubiri msimu uishe, ikiwa umewahi kupatwa na jambo lolote kati ya haya:

- Ulipoteza fahamu, au nusura uzimie, ukiwa katikati ya kukimbia au kucheza.
- Kifua kinabana au kinauma unapoongeza kasi, na maumivu yanaondoka ukipumzika.
- Unaishiwa pumzi kuliko wenzako wa umri wako, na hali hiyo inazidi mwezi hadi mwezi.
- Moyo unaanza ghafla kwenda mbio sana au kuruka mapigo, hasa ukiambatana na kizunguzungu.
- Miguu inavimba, au usiku huwezi kulala bila kuinua kichwa kwa mito.
- Ndugu wa karibu alifariki ghafla kabla ya kufika miaka 50 bila sababu kujulikana.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Kuzimia kukiwa kumetokea mstarini asubuhi, baada ya kusimama muda mrefu juani bila kunywa chai, mara nyingi si ugonjwa wa moyo: damu imeshuka miguuni, shinikizo limepungua, na mtu anaamka mara tu anapolazwa chini. Vivyo hivyo anayepatwa na kizunguzungu dakika chache baada ya kusimama ghafla mwisho wa mbio. Lakini anayeanguka akiwa bado anakimbia, bila dalili ya kumtahadharisha, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Swali la kwanza la kumuuliza aliyeshuhudia si "alizimia kwa muda gani?" bali ni "alikuwa anafanya nini sekunde ile alipoanguka?" Majibu ya swali hilo yana thamani kubwa sana kwa daktari.

Angalizo la pili ni kuhusu kifafa. Moyo unaposimama au kwenda mbio kupita kiasi, ubongo hukosa damu, na mwili unaweza kutetemeka kwa sekunde kadhaa. Familia nyingi huchukulia kwamba ni kifafa, au kwamba mtoto amechezewa, na miaka inapita bila moyo kupimwa hata mara moja. Ikiwa "kifafa" chako huja tu unapokimbia, unapoogelea au unaposhtuliwa na kelele ya ghafla, sema hivyo hospitalini, na uombe moyo upimwe.

Hatua ya 2: Andika dalili kwa siku chache

Hatua hii ni kwa asiye na dalili za hatari nilizotaja. Mwenye nazo aende hospitali kwanza, aandike akiwa njiani. Kila tukio liandikie tarehe, saa, ulichokuwa unafanya, ulichojisikia, kilidumu muda gani, na kiliondoka vipi. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha uzidishe mara mbili. Ukiona mapigo hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Kwa kijana aliyetulia, mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika ni ya kawaida, na mkimbiaji aliyezoea mazoezi anaweza kuwa na 50 bila tatizo lolote.

Hatua ya 3: Uliza ukoo

Kaa na bibi, babu au shangazi, usalimie vizuri, kisha uulize kwa utulivu: je, kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, aliyekufa maji ilhali alijua kuogelea, aliyekuwa anazimia zimia, au aliyefanyiwa upasuaji wa moyo? Magonjwa kadhaa ya misuli ya moyo na ya umeme wa moyo, ule unaoongoza mapigo, hurithiwa. Uliza pia kama wewe mwenyewe, ukiwa mdogo, uliwahi kuumwa mafindofindo mara kwa mara, kisha viungo vikavimba na kuuma kwa kuhama, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo inaweza kuwa ilikuwa homa ya rumatiki, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15 na huacha makovu kwenye valvu za moyo. Katika nchi yetu ugonjwa huu bado ni miongoni mwa sababu kubwa za vijana kuwa na valvu mbovu, na ndiyo maana nauliza kuhusu mafindofindo hata kwa kijana anayeonekana mzima kabisa.

Hatua ya 4: Nenda kituo cha afya, ukaseme jambo lako waziwazi

Kama huna dharura, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, iwe Nkuhungu, Bahi au Chemba, kwa sababu barua ya rufaa hukurahisishia safari ya mbele. Anayeishi mjini anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General. Vipimo vikubwa vya moyo kwa ukanda wetu hufanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyopo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, na wanaohitaji zaidi hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ukiingia chumbani usiseme tu "naumwa kifua." Sema kwa mfano: "Shikamoo daktari. Nacheza mpira wa shule. Wiki iliyopita nilianguka nikiwa nakimbiza mpira, sikujitambua kwa muda, na baba mdogo alifariki ghafla akiwa na miaka 30. Naomba nipimwe moyo kabla sijarudi mazoezini." Sentensi hizo nne zinamwonyesha daktari kwamba swali lako si la maumivu ya misuli.

Tarajia kupimwa shinikizo la damu, kusikilizwa moyo ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na kushikwa mapigo ya mikononi na ya kinenani. Uliza pia wingi wa damu, na kama hujawahi kupimwa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), omba kipimo hicho. Upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio na pumzi ziishe upesi, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Vipimo vya moyo

ECG husoma umeme wa moyo kwa dakika chache, na haiumi. Eko hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha valvu, kuta na matundu ya moyo. Wengine huongezewa kipimo cha kuvaa kifaa kwa saa 24 au zaidi, au cha kukimbia kwenye mashine huku umeme wa moyo ukisomwa. ECG nzuri peke yake haimalizi shaka kwa aliyezimia akikimbia, kwa hiyo usiondoke kabla hujauliza kama eko inahitajika.

Omba nakala ya kila karatasi, na uipige picha kwa simu, kwa sababu maandishi ya karatasi ya ECG hufifia na daktari wa mwakani atataka kulinganisha.

Hatua ya 6: Omba barua yenye maneno kamili

Hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza kila walichokihangaikia. Daktari anasema kwa mdomo "usijichoshe sana," kijana anarudi shuleni, na kila mtu anatafsiri anavyotaka: kocha anaona ni ruhusa, mama anaona ni marufuku. Omba kwa heshima barua iandikwe mambo yafuatayo:

1. Michezo inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa, ikitajwa kwa majina. Mpira wa miguu, kikapu na mbio huusukuma moyo sana. Kunyanyua vyuma vizito hupandisha shinikizo la damu ghafla. Voliboli na mpira wa meza ni vya wastani.
2. Kiwango: mashindano, mazoezi tu, au mazoezi mepesi.
3. Kama mchakamchaka, kazi za nguvu za shule na adhabu za kukimbia kuzunguka uwanja vimo au havimo. Jambo hili husahaulika karibu kila mara, na mwanafunzi aliyekatazwa mpira hujikuta akikimbizwa mizunguko kumi kwa kuchelewa kufika shule.
4. Dalili zitakazokufanya usimame na urudi hospitali.
5. Tarehe ya kupimwa tena.

Anayemaliza kidato cha sita atunze nakala ya ziada, kwa sababu akiitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Makutupora au kambi nyingine yoyote, anapaswa kuionyesha siku anayoripoti, kabla mazoezi hayajaanza.

Maswali matatu ya nyongeza yanawahusu baadhi tu. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kuhusu michezo ya kugongana, kwa kuwa pigo dogo la kichwa linaweza kumletea damu kuvuja ndani. Aliyeambiwa umeme wa moyo wake una kasoro ya kurithi aulize kuhusu kuogelea na kuhusu dawa, maana antibiotiki kama erithromaisini na baadhi ya dawa za malaria huweza kuzidisha kasoro hiyo. Aliyewekewa sindano za penisilini kila wiki tatu au nne kwa sababu ya homa ya rumatiki asiziache hata akijisikia mzima na anafunga mabao kila wiki.

Hatua ya 7: Waambie watu watatu

Kocha au mwalimu wa michezo, mchezaji mwenzako mmoja unayemwamini, na mtu wa nyumbani. Si lazima darasa zima lijue, na kocha hapaswi kulitangaza. Mwambie: "Mwalimu, hii ni barua yangu ya hospitali. Nikiinua mkono, naomba unitoe bila kuniuliza." Kocha mwema atakushukuru.

Hatua ya 8: Rudi polepole

Hatua hii ni ya aliyeruhusiwa kwa maandishi pekee. Wiki mbili za kwanza tembea kwa kasi dakika 20 hadi 30, siku nne kwa wiki. Wiki mbili zinazofuata changanya kutembea na kukimbia taratibu. Kisha ingia kwenye mazoezi ya mpira bila mashindano, na mechi iwe ya mwisho. Kipimo rahisi ni mazungumzo: ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika, kasi inafaa; ukiishia maneno mawili, punguza. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo asitegemee saa ya mkononi, kwa kuwa dawa hizo huyashusha mapigo hata akijichosha.

Pasha mwili moto kwa dakika 10 na umalizie kwa kutembea dakika 10, usikae chini ghafla. Dodoma ni kame, na Oktoba na Novemba joto huwa kali, kwa hiyo fanya mazoezi kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na unywe maji kabla kiu haijaanza. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa.

Hatua ya 9: Uandae uwanja

Iwe ni Uwanja wa Jamhuri au uwanja wa vumbi wa ndondo Chang'ombe, kabla ya mechi wajulikane watu wawili wanaoweza kukandamiza kifua, gari moja lililo tayari, na hospitali ya kukimbilia. Mchezaji akianguka bila kugongwa na mtu, na haitiki, chukulia kwamba moyo umesimama hadi ithibitike vinginevyo. Kukoroma kwa vipindi si kupumua, na hilo ndilo linalowadanganya watu wengi.

Mlaze chali. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kirudi juu kila mara. Badilishaneni kila dakika mbili. Mashine ya kushtua moyo ikiwepo, iletwe mara moja na ifuatwe inavyoelekeza kwa sauti, kwa sababu kila dakika inayopita bila kushtua hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani jijini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 na leo yu hai kwa sababu ya kukandamizwa kifua na kushtuliwa moyo papo hapo.

Katika viwanja vyetu vingi mashine hiyo haipo, na watu hukimbilia kumpakia mgonjwa kwenye bajaji. Ushauri wangu ni huu: anzeni kukandamiza pale pale alipoanguka, msisitishe wakati gari linatafutwa, na mchague gari ambalo mtu anaweza kupiga magoti ndani yake na kuendelea. Pikapu ni bora kuliko bajaji, na bodaboda haifai kabisa.

Makosa yanayojirudia

- Kucheza ukiwa na homa. Virusi vingine hushambulia misuli ya moyo, na mazoezi makali wakati huo huongeza hatari. Subiri homa iishe na nguvu zirudi. Aliyethibitika kuwa na uvimbe wa misuli ya moyo husimamishwa kwa kawaida miezi 3 hadi 6.
- Kumwagia maji aliyeanguka, kumpepea, kumnusisha kitunguu au kumwekea kijiko mdomoni. Vyote hupoteza dakika.
- Kutumia barua ya mwaka juzi. Moyo wa kijana unakua, na majibu hubadilika.
- Kuazima dawa ya moyo ya babu kwa kuwa "na yeye moyo unamwenda mbio."

Ukikwama

*Daktari amesikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo.* Watoto na vijana wengi wazima huwa na sauti kama hiyo bila ugonjwa. Eko ndiyo itakayoamua, si hofu.

*Nilikuwa na tundu utotoni, limeziba.* Matundu madogo yaliyojifunga mara nyingi hayamzuii mtu kucheza. Pima tena mara moja, upate barua, uendelee.

*Kifua kinauma, lakini nikibonyeza ndipo panapouma.* Mara nyingi ni misuli au mbavu. Maumivu yanayokuja baada ya kula huweza kuwa ya tumbo, na kubanwa kunakoambatana na mluzi wakati wa vumbi huweza kuwa pumu. Bado mweleze mhudumu wa afya.

*Kocha anasema nitapoteza namba.* Mwombe mzazi au mwalimu mkuu azungumze naye. Namba hurudi msimu ujao, na kocha aliyesomewa barua hawezi kusema hakujua.

*Nauli ya Dodoma mjini haijapatikana.* Endelea kutembea tu, usicheze mashindano, na umwombe mganga wa kituo akueleze siku ambazo madaktari bingwa hutembelea hospitali ya wilaya yako.

*Daktari amesema hapana kabisa.* Uliza hapana hiyo ni ya mchezo gani na ni ya muda gani, na kama kuna tiba inayoweza kuibadilisha, kwa kuwa baadhi ya kasoro za umeme wa moyo na za valvu hutibika. Ikiwa jibu halibadiliki, omba orodha ya unachoweza kufanya bila wasiwasi, kisha mpelekee mwalimu wa michezo orodha hiyo pamoja na ombi la kupewa kazi kwenye timu: urefa wa mezani, kutunza takwimu, au kusimamia lile gari na wale watu wawili wa hatua ya 9.